Vidole Viwili vya Kukua

Mama Pindo alikuwa fundi wa sare za shule, na kama hujawahi kuvaa nguo iliyotoka mikononi mwake, basi nguo kubwa huijui. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya cherehani ileile, chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuna sketi wala suruali iliyotoka humo bila pindo nene lililofichwa ndani. "Mtoto anakua," aliwaambia wazazi kabla hata hawajauliza. Mkono wake ulikuwa na mtindo mmoja: anasoma namba kwenye futi ya kupimia, analaza vidole viwili mbele ya hiyo namba, ndipo anapiga chaki. Vidole vya kukua, aliviita. Jina la Mama Pindo lilitoka hapo, naye alilivaa kama cheo.

Sasa alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka kumi na tisa, na binti alikuwa na wazimu wake. Akili alikuwa nazo, tena nyingi, lakini ukimtajia Malkia Kipanga umekwisha. Huyo Malkia ni shujaa wa hadithi ya katuni iliyokuwa ikitoka kwenye simu kila wiki, mwanamke mwenye mabawa na mkuki, hana muda wa upuuzi. Mara moja kwa mwaka mashabiki wa katuni walikusanyika katika ukumbi mkubwa, kila mmoja amevaa kama mhusika wake, na saa kumi alasiri wakapanda jukwaani kushindana.

Mwaka uliopita binti alikwenda na mkuki wa chuma, kazi ya jirani yao fundi wa kuchomelea. Mkuki wa kutoboa mlango! Wakaguzi wakamrudisha, na walikuwa na haki, maana sheria zilibandikwa getini kila mtu azione. Alishinda nje akichungulia. Mama yake siku hiyo alikuwa amezama kwenye sare za watu, akapata habari mtoto aliporudi na macho mekundu.

"Si ungeniambia nikushonee mimi?"

"Ungenishonea ya mwakani," binti akajibu, akaenda kulala.

Maneno hayo yalimchoma Mama Pindo. Alijitia hamnazo siku ile, lakini yalikaa naye mwaka mzima. Na mwaka huu ulikuwa wa mwisho: mkutano ulikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake binti alikuwa anaondoka kwenda chuo cha uuguzi, mbali, kwa miaka mitatu. Kitambaa cha sare ya chuo kilikuwa tayari kabatini, lakini Mama Pindo alikuwa hajakigusa. Alisema hana nafasi. Nafasi alikuwa nayo, moyo ndio haukuwa nayo.

"Mwaka huu nakushonea mimi, na ukumbini tunakwenda wote," akasema. "Utapanda lile jukwaa, piga ua galagaza."

"Kwa sharti moja, Mama. Mavazi yawe ya saizi yangu ya leo."

"Ya leo," Mama Pindo akaapa, mkono kifuani.

Hakulaza damu. Alimtuma binti ukumbini alete karatasi ya sheria, akaibandika ukutani juu ya cherehani, akaisoma kwa sauti kama anayegombana nayo. Chuma hapana, kioo hapana. Ncha kali hapana. Mkuki usimzidi kimo anayeushika. Uso uonekane. Nguo isiburure sakafuni, watu wasije wakajikwaa. Mabawa yasizidi mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, ili njia za kutokea zisizibwe moto ukitokea.

"Aliyeandika hii ana akili," akakubali. "Haya, twende kazi."

Mkuki ukatoka kwenye bomba jembamba la plastiki, ncha yake sponji la godoro kuukuu, laini hata ukimchoma nalo mtu jichoni anacheka. Binti alilikata sponji kwa umbo, akalipaka gundi likauke, kisha rangi ya fedha tabaka tatu. Ukiwa mbali ungekimbia. Gauni lilishonwa kwa shuka nyekundu, likakomea juu ya kifundo cha mguu. Manyoya ya mabawa yalikatwa mojamoja, mia na arobaini, yakashonewa juu ya kitambaa kizito chenye bomba ndani, ila nchani hakukuwa na bomba, manyoya tu. Kila bawa sentimita sabini na tano. Mama Pindo aliyapima mwenyewe, akayakata mwenyewe.

"Tupime tena, Mama?" binti akauliza yalipokwisha.

"Mimi sipimi mara mbili nilichokata. Nimeanza jana?"

Jumamosi walifika saa nane. Foleni ilikuwa ndefu na ya ajabu: mazimwi yalikuwa yakinywa soda, askari wa nyota walikuwa wakibishana kuhusu choo kiko wapi. Mama Pindo alitembea katikati yao kichwa juu, akikagua mishono ya watu kwa jicho la pembeni na kuguna.

Mkaguzi mlangoni alikuwa mwanamke mnene mwenye fulana ya kung'aa na uso usiotaka hadithi. Akaukunja mkuki, akaubonyeza ncha, akausimamisha kando ya binti. Sawa. Akatazama pindo la gauni. Sawa.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nini?"

"Hiyo sindano kifuani."

Loo! Mama Pindo akajitazama. Sindano mbili kwenye blauzi na uzi wake, pini sita kwenye kola, na mkasi mfukoni, kama alivyovaa kila siku ya Mungu. Hakuwahi kufikiri kwamba na yeye ni wa kukaguliwa. Binti akaziba mdomo asicheke. Vyote vikawekwa kwenye boksi lenye namba, achukue akitoka.

"Ndiyo sheria, dada," Mama Pindo akasema kwa heshima zote. "Nilikuwa nakupima tu kama uko macho."

Mkaguzi hakucheka. Akavuta futi yake kutoka ncha ya bawa hadi ncha.

"Mita moja, sentimita hamsini na nane."

"Haiwezekani."

"Njoo usome."

Akasoma. Akaitoa futi yake mwenyewe shingoni, akapima. Hamsini na nane. Akapima bawa moja peke yake: sabini na tisa. Aliutazama mkono wake wa kushoto, akaviona vile vidole viwili vimelala pale, mbele ya namba, vimejilaza vyenyewe bila kutumwa. Miaka ishirini na sita! Alikuwa ameapa, na mkono haukuwa umesikia kiapo.

"Rekebisheni pale pembeni au mabawa yabaki nje," mkaguzi akasema. "Anayefuata!"

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mama Pindo alisimama ukutani bila sindano, bila mkasi, bila hata pini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua la kufanya na kitambaa. Malkia Kipanga bila mabawa ni nani? Ni msichana aliyevaa shuka.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Nimekushonea tena ya mwakani."

Binti alikuwa amekwisha kuvua mabawa na kuyalaza magotini. Akaikunja ncha moja kwa ndani, mkunjo mmoja wa vidole viwili na ushee, akaupitisha chini ya manyoya, kisha akatoa kwenye kifundo cha mkono mpira wa kufungia nywele na kuuzungusha mara mbili. Akavuta manyoya mawili juu yake. Mkunjo haukuonekana. Akafanya bawa la pili, upesi, hata haangalii mikono.

Mama Pindo akainama kuutazama mkunjo. "Umejifunza wapi hiyo?"

"Kwenye sketi zako." Binti alikuwa akitabasamu, macho chini. "Tangu darasa la kwanza, Mama. Nikifika kwenye kona, naingia nyuma ya ukuta, nakunja, nafunga na mpira. Jioni nafungua kabla sijaingia ndani."

"Miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa unazionea fahari sana. Ningekuambiaje?"

Mama Pindo alitaka kucheka na alitaka kulia, akaona aibu, akaona na raha ambayo hakuijua ilitoka wapi. Mtoto wake alikuwa akimtunzia moyo kila asubuhi nyuma ya ukuta, naye hajui. Akamshika shavu, akamwachia, maana saa ilikuwa inakwenda.

Mkaguzi akavuta futi. "Arobaini na tisa." Akabandika kibandiko cha kijani kwenye mkuki. Safari hii ndipo alipotabasamu kidogo. "Pita, Malkia."

Hakushinda. Alishinda mtu aliyejifunga maboksi, na Mama Pindo mpaka leo anasema waamuzi walikuwa na njaa. Lakini binti alivuka lile jukwaa toka upande huu hadi ule, mabawa wazi, gauni limemkaa kama ngozi yake, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Mama Pindo alipiga kelele kuliko wote.

Jumapili akakitoa kile kitambaa cha sare ya chuo, akakitandaza mezani. Alipima kiuno, akapima urefu. Akasoma namba, akavikunja vidole vyake viwili ngumini, kwa nguvu, na kusogeza chaki hadi kwenye namba yenyewe. Hapo mkono ukamgoma.

Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, nguo zake nusu zimo ndani ya begi. Akakiinamia kitambaa, akalaza vidole vyake viwili mbele ya namba.

"Piga hapa, Mama."

"Si ulisema nguo ya saizi ya leo?"

"Ile ilikuwa ya jukwaani. Hii iwekee vidole vya kukua." Hakuviondoa vidole. "Mipira ya kufungia ninayo."

Mama Pindo akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akapiga chaki.