Mwaka Niliojipa Ugonjwa wa Dada

Dada yangu alihamia kwetu Kimara baada ya majirani zake wa Mbagala kunipigia simu mara nyingi. Mara ameacha jiko linawaka akaenda sokoni, mara amekutwa kituoni anasubiri basi la kwenda Newala, kwetu, amevaa kandambili na hana hata mkoba. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa muuza vitenge, mwanamke ambaye ungemficha kitu ukajikuta unamwambia mwenyewe.

Hospitali walitueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, demensia. Si uzee tu, walisema, wala hajalogwa. Dawa ya kuuondoa hakuna, lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri akiwa na watu wanaomwelewa. Mke wangu aliuliza maswali ya maana: tumwogesheje siku akikataa, geti tulifunge au tusilifunge, na asubuhi akiulizia watu waliokwisha kufa tumjibu nini. Mimi niliuliza swali moja tu. Niliuliza kama unarithiwa.

Daktari akasema kwa watu wengi haurithiwi moja kwa moja, lakini ni vizuri kila mtu akaangalia afya yake. Nikaondoka pale nimebeba lile neno "lakini" peke yake.

Nimefundisha jiografia sekondari mpaka nikastaafu, na siku zote nilijivunia kichwa changu. Sasa nikaanza kukichunguza kama mtu anayekagua paa wakati wa mvua. Dalili sikuzikosa. Mke wangu alinituma nazi, nikarudi na ndizi. Siku nyingine alisema ameniambia jana yake kwamba fundi bomba anakuja. Mimi nikatoka na ufunguo wa geti, fundi akagonga mpaka akachoka. Niliapa kwamba hakuniambia. Aliapa kwamba aliniambia nikaitikia "sawa". Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani. Nilijua yamenikuta.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kujitibu. Niliacha chumvi, nikaacha sukari, nikadai samaki na mchicha mpaka mke wangu akaniuliza kama nina mimba. Nilijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, maana niliona mahali kwenye simu kwamba inachangamsha ubongo. Wakati wa kuoga nilikariri miji mikuu ya Afrika kwa sauti, na mpangaji wetu wa uani akamuuliza mke wangu kwa adabu kama mzee anaendelea vizuri. Na kila asubuhi nilivaa traksuti ya zamani ya siku ya michezo shuleni, ambayo tumbo langu lilikuwa limeshaikana, nikaenda kutembea. Kwa kuwa dada naye alishauriwa atembee, nilikwenda naye. Niliwaambia watu ninamsindikiza. Ukweli ni kwamba vilima vya Kimara alivipanda yeye, mimi nikifuata nyuma nimeshika kiuno. Alikuwa anatembea kimya, au ndivyo nilivyodhani.

Hatimaye nikaona ni wakati wa kuaga akili yangu kwa heshima. Nikawaita watoto wetu wawili Jumamosi asubuhi, saa ambazo shangazi yao huwa ametulia. Mke wangu alipika chapati akidhani ni kikao cha kumpangia wifi yake. Mimi nilivaa suti.

Nilisimama. Nikawaambia kwamba ugonjwa wa shangazi yao umenifikia na mimi, na nataka kusema yangu mapema. Nikaeleza nitakavyotunzwa. Nikaeleza nizikwe wapi, na nani asipewe nafasi ya kusoma wasifu wangu. Nikasema siku nikisahau majina yao wasinililie. Hapo sauti ilinikatika, na sitasema uongo, ilinikatika vizuri. Kijana wangu akainamisha kichwa. Binti yangu, ambaye hata utotoni alikuwa halii kirahisi, akaniuliza ni daktari gani amenipima.

Nikamwambia sijapimwa, ila mtu anajijua.

Kabla hajanijibu, dada yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kochi anakunja na kukunjua kanga yake, akasema, "Kwani mgonjwa si mimi? Mbona mnampangia huyu?"

Tulikuwa tumemkalisha pale na chai yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anataka nini. Mke wangu akasogea akakaa karibu yake, akamwambia, "Wifi, sema wewe. Tunakusikiliza."

Akasema. Alipotea njia mara kadhaa katikati ya maneno, akaingia kwenye habari za vitenge, akarudi. Alitaka aogeshwe na mwanamke, na avalishwe kanga zake, si magauni ya kuazima. Hakutaka kufungiwa ndani. Kiwanja chake cha Chanika kisiuzwe akiwa hai. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo tunalishika: "Mtu akinisalimia nikiwa nipo, msinijibie. Ningojeni nijibu, hata nikijibu ovyo."

Binti yangu akamuuliza nani amsimamie mambo yake siku atakaposhindwa. Mimi nilijiweka sawa kwenye kiti, nikashika tai. Dada akamwonyesha mke wangu.

"Huyu mdogo wangu ana roho nzuri," akasema, "lakini hasikii."

Wote walicheka, maana walidhani anasema ubishi wangu. Hata mimi nilicheka, ingawa si kwa moyo. Nimevaa suti kwenye hotuba ya maisha yangu, na nimepigwa chini na mgonjwa mbele ya watoto.

Wiki iliyofuata binti yangu alitupeleka kwa mwanasheria ili maneno ya shangazi yake yawekwe rasmi wakati bado anayaelewa. Mwanasheria alizungumza naye peke yake kwanza, mimi nikasubiri nje. Kutoka hapo, mke wangu akanipeleka mimi hospitali, na safari hii sikuulizwa kama nataka.

Daktari alikuwa binti mdogo kiasi kwamba angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwisho. Akaniamkia, nikaitikia, nikaanza kumtajia miji mikuu kabla hajaiomba. Akanisubiri mpaka nikafika Lesotho. Akanipa maneno ya kukumbuka, akanichoresha saa, akaniambia nitoe saba kwenye mia na niendelee kutoa. Yote nikayafanya, tena kwa madaha. Kisha akainama kuandika, na bila kuinua uso akaniuliza kitu.

"Ndiyo," nikamjibu, "hasa samaki."

Mke wangu akaziba mdomo na mtandio. Daktari aliinua kichwa akanitazama. Alikuwa ameniuliza kama ninalala vizuri. Akasimama, akaja nyuma yangu, nikasubiri anipime mgongo. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba pale nyuma daktari alisema mambo kadhaa kwa sauti ya kawaida, na mimi nilikuwa nimekaa natazama ukuta kwa utulivu mkubwa.

Kumbukumbu yangu ilikuwa sawa kwa umri wangu. Presha ilikuwa juu, na huenda ilikuwa juu muda mrefu wakati mimi nahangaika na mkono wa kushoto. Na masikio yalikuwa yamepungua nguvu yote mawili. Daktari akanieleza taratibu, ananitazama usoni, kwamba usichokisikia huwezi kukikumbuka. Na kwamba presha na masikio visipoangaliwa vinaweza kuuumiza ubongo baadaye, kwa hiyo nimekuja wakati mzuri. Matembezi na mchicha akasema niendelee navyo. Traksuti hakuiona.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi, lakini kulikuwa na aibu humo ndani, na kitu kingine kibaya zaidi: nilisikitika kidogo. Nilikuwa nimeshauzoea ule msiba wangu. Sasa ilibidi niwapigie watoto simu niwaambie baba yao si mgonjwa wa kusahau, ni kiziwi. Kijana wangu alicheka mpaka simu ikakatika. Sijui kama ilikatika au aliikata.

Nilipoanza kuvaa mashine za masikioni, nyumba ilijaa kelele. Friji lilikuwa linaunguruma. Mpangaji alikuwa na kikohozi. Na asubuhi ya kwanza tulipopanda kilima, nikamsikia dada. Hakuwa kimya hata kidogo. Alikuwa anaongea na mimi njia nzima, kwa sauti ya chini, habari za mto wa kwetu na mbuzi aliyekula daftari langu, na inaelekea alikuwa akiongea hivyo miezi yote ile. Nilimsogelea tu, nikatembea ubavuni kwake.

Sasa hatembei mbali tena. Kanga zake anavaa, geti tunaliacha wazi mchana, jirani mmoja anamwangalia kutoka dukani kwake. Mke wangu anasimamia mambo yake vizuri kuliko ambavyo mimi ningeyasimamia, na hunikumbusha hilo bila kusema.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka dukani nikamkuta sebuleni na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Akaniuliza mimi nani. Nikamwambia ni mdogo wake. Akanitazama kichwa chenye mvi, akanitazama tumbo, akaona huruma.

"Mdogo wangu ni mtoto, baba," akasema. "Yuko shule. Kaa umsubiri, atarudi sasa hivi."

Kwa tabia yangu ya kusahihisha, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga, nikakaa. Akanikaribisha muhogo kama mgeni, akanipa kipande kidogo cha mwishoni, chenye nyuzi. Kile kikubwa, cheupe, akakifunika na kisahani. Nilipokitazama akakisogeza mbali nami kidogo, akaniambia kwamba hicho ni cha mtoto.