Kanda Sandukuni kwa Bi Mwanasiti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo masika yakianza tu hunijia, nitake nisitake. Umeniambia umekabidhiwa seva ya barua pepe kazini kwenu, na unataka kujua nakala za akiba uziweke vipi. Kaa kitako basi. Mzee ukimwuliza neno moja hukujibu kumi, na mimi siku hizi sina wa kunikatiza.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Mimi kijana wa Kinondo, nimesomea kompyuta kidogo Mombasa, nikaajiriwa hoteli moja ya Diani nitunze seva yao. Usidhani ilikuwa kitu cha fahari. Sanduku la chuma nyuma ya mapokezi, linaunguruma kutwa, limeungwa na waya wa simu. Mara kwa mara linapiga simu Mombasa, linaleta barua za wageni na kupeleka majibu. Lakini mimi nikiingia mle na ufunguo wangu, nilijiona waziri, ati!

Masika hoteli ilifungwa. Wafanyakazi wakarudishwa makwao mpaka msimu urudi, nikabaki mimi na mlinzi wa getini, na meneja, mtu wa bara, aliyepita asubuhi akaenda zake. Wazazi wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki, mke sijaoa. Viti vimepinduliwa juu ya meza, bwawa la wageni limejaa majani, nami nashinda napokea barua za watu. Yangu haikuwamo hata moja. Upweke ule, mwanangu, sikuombei.

Aliyekuwa akinijia ni Bi Mwanasiti wa Mwabungo, kijiji cha jirani, mkubwa wa madobi pale hotelini. Mwanawe wa pekee, Juma, alikuwa mpishi melini, na kila walipofunga gati bandari ya mbali alimwandikia mamake kwa anwani ya hoteli. Bi Mwanasiti hakujua kusoma, na kuchapiwa barua hakutaka. "Karatasi itaniambia nini mimi? Nisomee wewe." Basi kila Ijumaa baada ya sala alikuja akaketi kando ya mashine, nikamsomea. Tangu vuli Juma alikuwa hajaandika neno. Tukawa tunarudia barua za zamani, naye anazisikiliza na kuzicheka pale pale alipozicheka mwanzo.

Siku hiyo ninayokwambia akaniuliza, "Hizi barua hukaa wapi, Rashidi?"

"Humu mashineni, mama."

"Na mashine ikifa?"

Nikamwonyesha kanda, jamaa ya zile za muziki ila nene zaidi, imechomekwa mle mle. Kila jioni nilinakili barua zote juu ya zile za jana. Ndivyo alivyotaka meneja: kanda moja, ikae hapo hapo, asisumbuliwe.

Bi Mwanasiti akaguna. "Salaale! Mahindi ya kula na mbegu ya kupanda umeviweka uchaga mmoja? Nyumba ikiungua utapanda jivu? Sisi kwetu mbegu nusu hupelekwa kwa ndugu."

"Mama, haya si mahindi," nikamjibu kwa ujuba wa ujana.

"Kweli si mahindi. Ni Juma wangu huyo."

Nikaona haya. Nikamwomba meneja kanda ya pili mpaka akachoka nami, akanipa. Nikanakili kila kitu, za hoteli na za Juma, nikampa Bi Mwanasiti akaiweke kwake Mwabungo mpaka msimu ufunguliwe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja ndani ya leso. Nami nikajisemea, akiba haiozi, nikalala usingizi wangu.

Masika hayajaisha, adhuhuri moja radi ikapiga, ikapita kwenye waya wa simu. Nikasikia pwaa, nikanusa plastiki ikiungua. Mashine, na kanda iliyokuwa tumboni mwake, vyote kwaheri. Meneja akashika kichwa. Mimi nikacheka! "Usijali, bosi. Nakala iko Mwabungo."

Akaletwa fundi wa Mombasa na mashine mpya, na Bi Mwanasiti akaja mwenyewe na leso yake. Fundi akaikunjua, akaigeuza ile kanda. Ganda lake lilikuwa limepinda.

"Hii ilikuwa imewekwa wapi, mama?"

"Sandukuni," akasema. "Lakini kila jua likichomoza naianika juu ya bati, pamoja na kanzu za Juma. Si mwajua masika? Ukungu ungeila."

Fundi akajaribu hata hivyo. Mashine ikaitema. Akajaribu tena, ikaitema. Akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

Yule mama hakukosa. Nani wa pwani asiyeanika nguo masika? Aliitunza kama anavyotunzwa kipenzi. Ni mimi niliyempa bila kumwambia kwamba kanda na jua haviivi chungu kimoja, na sikwenda hata mara moja kuichukua nione kama inasomeka. Meneja aliomba mawakala wa safari wamtumie upya majina ya wageni kwa faksi, yake yakaisha. Ya Bi Mwanasiti je? Tungemwomba nani?

Nilidhani ataniapiza. Akavuta kiti chake pale pale, akaketi. "Washa hiyo mpya. Andika."

Akaanza. "Mama, shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako..." Neno kwa neno, mwanangu! Zote alikuwa nazo kifuani. Naye akisema mimi naandika, machozi yananitoka, naye wala hanitazami. Tulirudi siku zilizofuata mpaka tukaifikia barua ya mwisho. Nami nilikuwa naijua: iliishia Juma anasema huko ni baridi, na anawasalimu wote. Bi Mwanasiti akafika hapo, asikomee, akaendelea.

"Mama, naja. Masika haya hayaishi sijafika."

Vidole vyangu vikasimama. Hayo hayakuwamo.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama." Na kweli nikaandika.

"Nisomee."

Nikamsomea mpaka mwisho, na yale mawili matatu aliyoyaongeza. Kila Ijumaa nikawa namsomea hivyo, mpaka alipofariki. Juma hakurudi, na kilichompata sikijui hadi leo.

Basi nakuusia, mwanangu. Nakala moja iwe hapo kazini na nyingine iwe nyumba nyingine kabisa. Usibaki na ya jana tu, maana kosa la jana nalo hunakiliwa. Utakayemkabidhi, hata akiwa na mapenzi ya namna gani, mwambie kinachoiharibu. Na kabla ya siku ya dhiki irudishe, uifungue, uisome kwa macho yako. Mashine ikipona hukupa ulichoweka. Moyo wa mtu mpweke hukupa na kile alichokuwa akikingoja, na huwezi kumlaumu.

Na mamako mwandikie, angali yupo wa kusomewa. Nami macho yamepunguka, nyumba hii kimya tangu asubuhi. Ijumaa ukipata nafasi, pita. Mola akuhifadhie ulicho nacho mkononi, na wako walio mbali akurudishie wangali hai. Amina.