Velo iliyoshuka na ndege

Ndege ilipita bila neno. Velo ndio ilikamatwa!

Wakati wa Zaïre, nilikuwa nabeba mizigo kwa uwanja wa ndege, hapa Bunia. Piloti mumoja alishuka na ndege yake kadogo. Nyuma ya kiti akatoa chuma imekunjwa kama kitanda ya safari. Akaikunjua: velo, baiskeli nzima! Magurudumu kama sahani.

Siye wote tukakaribia.

Wakati ule kila velo ilipaswa kuwa na plaque, kibao ya namba ya kodi. Ajenti wa uwanja akauliza: "Plaque yake iko wapi?"

"Haina."

"Ndege iko na namba, nimeiona. Velo hapana. Inabaki."

Piloti akaikunja tena. "Sasa ni mzigo tu."

Ajenti akaisogelea. Akaizunguka, akachuchumaa. (Hata miye nilitaka kujua inakunjikia wapi.)

"Kunjua," akamwambia piloti.

"Kunja."

Mara ine!

Mwishoe akavua kofia yake, akanipa nishike. "Acha nijaribu."

Akaipanda, akaenda njia ya Nyakasanza, magoti karibu na masikio.

Sasa ninyi mutaniambia kama nilikosa. Akirudi, alinikuta katikati ya njia, nimevaa ile kofia yake, mukono juu.

"Simama, papa. Plaque iko wapi?"