Saa Tisa Iliyojazwa Saa Tano

Katika wodi ya watoto mahututi walimwita Mama Rula, kwa kupenda kupima kila kitu, naye hakuwahi kununa. Kwa miaka kumi na tisa ya uuguzi hakusadiki namba ambayo hakuisoma kwa macho yake mwenyewe. Mumewe alizoea kulalamika kwamba hata chai akiambiwa ina sukari, mkewe lazima aionje kwanza.

Saa tano asubuhi alimwangalizia shoga yake, muuguzi mwenzake, kitanda cha tatu, shoga alipokwenda kufuata dawa. Hapo alilala binti wa miaka miwili mwenye nimonia, mpira wa kupumulia umepitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, mashine ikimpulizia pumzi. Bibi yake alikaa kando, kwenye stuli.

Mama Rula aliichukua fomu. Ilikuwa safi mno, na usafi ule ndio uliomtia shaka. Kina cha mpira kwenye midomo, ambacho hupaswa kusomwa kila saa, kilikuwa sentimita kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu. Wino mmoja, mlalo mmoja, na sahihi kila mstari. Kidole chake kiliteremka mpaka mstari wa mwisho uliojazwa: saa tisa alasiri. Akatazama saa ya ukutani: saa tano na dakika kumi.

"Bibi, kuna aliyemchungulia mdomoni tangu asubuhi?"

"Mwanangu, mimi sijabanduka hapa. Wanakuja, wanaitazama mashine, wanaondoka. Mashine ndiyo mgonjwa?"

Akawasha tochi. Plasta ilikuwa imelowa mate na kuachia. Alama iliyogusa midomo ilikuwa kumi na tano. Akakitazama kifua. Upande wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulitulia kana kwamba haumhusu mtoto. Oksijeni kwenye mashine ilikuwa asilimia tisini na moja, ikawa themanini na tisa.

Alimwita daktari, naye akaja bila haraka. "Mama Rula, picha ya eksirei ya jana ilikuwa nzuri. Leo tumekuwa polisi?"

"Picha ya jana ni ya jana, daktari. Sikiliza kushoto."

Akasikiliza. Utani ukamkauka mdomoni. "Hakuna kitu. Mpira umezama, unapuliza pafu moja tu."

Mama Rula aliushika mpira kwa vidole viwili, daktari akabandua plasta na kuuvuta taratibu, yeye akisoma kwa sauti: "Kumi na nne na nusu. Kumi na nne. Kumi na tatu na nusu. Kumi na tatu, simama!" Kifua cha kushoto kikainuka. Tisini na mbili. Tisini na sita. Bibi akajifunika uso kwa mikono.

Waliufunga kwa plasta kavu, wakaagiza picha mpya. Mama Rula alikinyoosha kichwa cha mtoto yeye mwenyewe, maana mpira hufuata kidevu: kikiinama unashuka, kikiinuka unapanda, na picha ya kichwa kilichopinda hudanganya kwa unyoofu kabisa. Safari hii ncha ilionekana mahali pake.

Shoga yake aliporudi, alikuta fomu imewekwa wazi juu ya meza.

"Shoga, kila mtu anajaza hivyo! Wauguzi wawili, vitanda tisa. Ulitaka nijigawe?"

"Hilo nalo nitaliandika kwa mkurugenzi. Anayetupa vitanda tisa na kudai fomu zisizo na pengo anatufundisha kusema uongo."

"Na mimi utanitaja?"

"Jina lako lipo tayari. Umejitaja mwenyewe mpaka saa tisa, na mtoto angekuwa amekufa saa sita huku fomu ikisema anaendelea vizuri."

Machozi yalimlengalenga shoga, ya aibu au ya hasira, Mama Rula hakujua na hakuuliza. Alichukua tochi akaelekea kitanda cha kwanza. Nyuma yake akasikia viatu.

"Haya," shoga alisema, kalamu mkononi. "Soma, niandike."

"Sentimita kumi na moja na nusu."

Kisha Mama Rula akageuka, akachungulia kilichoandikwa.