Guka amejua leo kwa nini koti lake lilikuwa safi hivyo

Jamani, utafiti umeingia kwetu Ngoingwa leo na karibu uvunje ndoa ya wazee.

Msichana wa chuo anayesomea ushauri nasaha alikuja kumuuliza nyanya yetu, Shosho, wanawake wa miaka ya hamsini walipunguza stresi vipi.

Shosho hakufikiria hata kidogo.

"Tulikuwa tunachuma kahawa huko Ruiru. Nyapara anatupigia kelele mchana kutwa. Jioni tunamuomba koti lake tukamfulie mtoni. Tunalipiga kwenye jiwe kwa zamu, tukilitaja jina lake. Ukirudi nyumbani, roho imetulia."

Msichana anaandika mbio mbio.

Sasa shida. Huyo nyapara ndiye Guka, babu yetu, mume wake Shosho. Na alikuwa ameketi hapo hapo na chai yake.

Kikombe kikakwama kabla ya kufika mdomoni.

"Wambui, si wewe ndiye ulikuwa unaliomba kila wiki? Mimi nikadhani unanipenda. Ndio nikapeleka mbuzi kwenu!"

"Na si ulipata bibi? Kunywa chai."

Saa hii Guka yuko nje na beseni, analifua koti lake mwenyewe, polepole, kama anaosha mtoto.

Wadada, semeni ukweli: nyinyi huwa mnafua la nani?