Tundu Tupu la Urambo

Nilikosea mimi, ndugu zangu. Wenzangu walilaumu umeme, wengine wakalaumu vumbi, nami nikanyamaza kama simo. Leo natapika yote!

Enzi hizo za vijiji vya ujamaa na foleni za sabuni, ofisi yetu Tabora ilipata msaada wa kompyuta mbili. Moja ilibaki kwangu, ya pili ikapelekwa Urambo kwa karani wa ghala la mbolea, Mzee Maganga. Mimi nilikuwa nimesomea Dar kuandika programu, basi kichwa kilinivimba! Nikaandika programu ya kuwagawia mbolea wakulima wa tumbaku. Unaingiza ekari, inakutolea idadi ya mifuko.

Kompyuta yangu ilikuwa na chipu ya ziada pembeni ya prosesa, kazi yake hesabu za desimali tu. Ilijua amri ambazo prosesa peke yake haizijui, na ilikwenda mbio ajabu! Ustaarabu wa kazi ni programu iulize kwanza kama chipu ipo, na kama haipo, ipige hesabu kwa njia ndefu. Mimi njia ndefu niliiona ya wazee. Sikuiandika.

Sasa sikia uzembe wenyewe. Mimi Mzaramo, Mzee Maganga Mnyamwezi. Watani tangu misafara ya babu zetu! Wiki moja kabla ya mgao alinipigia simu kunipa pole kwa kifo changu mwenyewe, akauliza sanda analeta nani. Kwa hiyo alipopiga tena nilikuwa nimejiandaa.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mtani, tumefungua mashine kupangusa vumbi. Pembeni ya prosesa kuna tundu tupu. Yako nayo iko hivyo?"

"Mmeitafuna chipu, Wanyamwezi nyie, mkidhani karanga!"

"Mtani, leo sitanii."

"Na lini uliwahi kusema unatania?" Nikacheka, nikakata simu.

Siku ya mgao nikapanda treni na diski yangu kifuani. Mvua zilishaanza, miche ilikuwa inasubiri, wakulima wamejaa na mikokoteni yao. Mbele ya watu wote nikamwambia mzee wa watu afungie madaftari yake kabatini, kazi yake imekwisha. Jamani, mdomo huu!

Nikaingiza kijiji cha kwanza. Kioo kikaganda. Hakikuandika kosa, hakikulia, kimya tu. Nikazima, nikawasha, kikaganda tena. Mara ya tatu mama mmoja akauliza, "Mwanangu, kwani hiyo imekula?" Watu wakaangua kicheko! Jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi, na huko nje mawingu yanajikusanya.

Mzee Maganga akafunua kifuniko, akanionyesha kwa penseli. Tundu tupu! Amri zangu zilikuwa zinamwita mtu asiyekuwepo, na prosesa imekaa inangoja aitike.

Hakunisuta. Alifungua kabati, akatoa madaftari, akapiga hesabu kwa mkono kijiji baada ya kijiji. Hapo ndipo moyo uliniuma kweli. Mzee aliniambia ukweli mtupu, nami nikamcheka.

Alipomaliza akavua miwani. "Mtani, babu zetu walibeba mizigo mpaka kwenu pwani. Leo zamu yenu."

Nani anakataa hukumu ya mtani? Nikabeba mifuko ya mbolea kutoka ghalani hadi kwenye mikokoteni, mmoja mmoja, kina mama wakinipigia vigelegele. Mgongo wangu bado unakumbuka kila masika.

Nyie mnaoandika programu, msidhani mashine ya mwenzenu ni sawa na yenu! Iulizeni kwanza, na njia ndefu iandikeni, hata kama inawachosha. Na mtani akisema leo hatanii, msikilizeni, tafadhali!

Niliporudi Tabora nilikesha na hiyo njia ndefu mpaka ikakamilika. Nikampigia Mzee Maganga kwa furaha, nikamwambia sasa programu itafanya kazi hata kwenye mashine yake.

"Acha utani wako," akasema, akakata simu.