Mtungi Ambao Haukuwahi Kupimwa

Zamani shangazi yangu Ashwaki akirudi kazini alikuwa akivua viatu mlangoni, halafu akikaa palepale kwenye ngazi ya chini, begi mapajani. Bibi akimwita kutoka jikoni, "Ingia basi, au wangoja kukaribishwa?" Naye akijibu, "Nangoja miguu, mama. Bado iko njiani inakuja."

Kazi yake ni kupima maji ya kunywa. Mwaka wa kumi na tisa huu. Anapanda nyumba za mtaa wetu wa Krita moja baada ya nyingine, ngazi nyembamba, umeme hakuna, na joto la Adeni analijua aliyelala nalo. Ofisi inamtuma yeye kwa sababu mwanamke hufunguliwa mpaka jikoni hata mume akiwa hayupo. Begini ana vichupa viwili vya kioo, vidonge, na daftari. Huchota maji mtungini, hutia kidonge, hutikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa ya klorini imo, watu wanywe. Yakibaki vilevile, dawa haimo. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kinachomchosha ni ngazi, na watu.

Mwaka huu bomba la mtaani kwetu lilikauka tangu Rajabu, tukawa tunakunywa maji ya boza la Mukbili, lori lake la tangi. Maboza mengine yalikuwa hayapandi kichochoro chetu, madereva waliogopa mteremko. Mukbili alipanda, shavu limejaa mirungi, honi mkononi. Kule kisimani dawa hutiwa ndani ya boza kabla halijatoka. Hiyo ndiyo amri.

Baada ya Idi watoto wakaanza kuharisha. Binti wa Mama Basamu, jirani yetu wa mkabala, alilazwa siku tatu akitundikiwa dripu, akarudi amebaki macho tu. Shangazi akapima nyumba kumi na moja za kichochoro. Zote, maji hayakubadilika rangi. Akashuka kupima mpira wa boza lenyewe. Waridi.

"Mukbili, dawa unatia kila siku, au siku ukiniona mimi?" alimuuliza mbele ya wanawake waliopanga madumu.

"Natia kila siku, dada. Muulize huyo Mama Basamu, kila siku ananitukana. Eti maji yangu yananuka hospitali."

"Mbona mitungini haimo?"

"Mimi kazi yangu inaishia kwenye mpira. Mitungini mnaingia nyinyi."

"Unatia ukiniona."

"Basi nikuoe kabisa, ukae humu kwenye boza, unipime asubuhi na jioni!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi hakucheka. Alhamisi ile akaandika ripoti, kwamba boza la Mukbili linaleta maji yasiyo na dawa. Jumapili, ofisi ikifunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, angeipeleka, na Mukbili angenyang'anywa kibali cha kuchota kisimani. Kila mtu alijua maana yake. Kichochoro chetu kingebaki bila maji, na Mukbili bila mkate. Shangazi naye alijua. Usiku huo hakugusa samaki wake.

Jumamosi alikuwa nyumbani, amejilaza ukumbini, miguu juu ya mto. Bibi akamchotea maji kwa kata. Akanywa yote, akaomba tena. Ya pili akainywa nusu.

"Maji yako matamu, mama. Hata harufu hayana."

Bibi akafurahi. "Yanuke nini? Nimeyaanika."

Shangazi akabaki na kata mkononi. "Umeyaanika?"

"Kwenye beseni, juu ya paa. Jua la saa tatu mpaka adhuhuri. Harufu ya hiyo dawa yenu inaruka yote. Halafu naufukiza mtungi ubani, namimina. Au ulitaka nimpe mgeni maji yanayonuka choo kilichooshwa?"

"Nani mwingine anaanika?"

"Kichochoro kizima. Mama Basamu nimemfundisha mimi mwenyewe. Aliniombea dua siku hiyo."

Shangazi akainuka polepole, akaleta begi. Akachota kwenye mtungi wetu, akatia kidonge, akatikisa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Maji yakabaki maji. Miaka kumi na tisa, na mtungi huo hakuwahi kuupima hata siku moja. Nani atampimia mama yake?

Bibi aliona kichupa, uso ukamshuka. "Unanipima mimi, Ashwaki? Maziwa yangu uliyanyonya bila kutia kidonge."

 Shangazi akapanda juu, nami nikamfuata nyuma. Kutoka kwenye paa letu unaona mapaa yote mpaka msikitini, na kila paa lilikuwa na mabeseni yake, ya buluu, mekundu, yamejaa maji wazi kwa Mungu. Kwenye beseni la Mama Basamu njiwa wawili walikuwa ndani wanaoga.

Shangazi akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa paa. Akasema peke yake, "Kumi na moja. Nimepanda kumi na moja, sikupanda paa hata moja."

Angeweza kuichana ile ripoti akanyamaza. Mukbili asingejua. Usiku alikaa na tochi akaandika upya. Mimi kusoma kwangu ni kwa taabu, lakini mstari wa juu niliuweza: Nyumba ya kwanza, nyumbani kwangu. Chini yake akaeleza mabeseni, jua, njiwa. Jina la Mukbili lilikuwa mwishoni, kwamba dawa alikuwa anatia.

Jumapili, kabla ya kwenda ofisini, alisimama karibu na boza mbele ya wanawake walewale wa madumu.

"Mukbili, nilikusingizia mbele za watu. Kosa limetoka kwetu, nyumbani kwa mama yangu. Nisamehe."

Mukbili akahamisha mirungi shavu la pili. "Kwa hiyo ndoa hakuna tena?"

"Nimechoka, Mukbili."

"Haya, dada. Hata mimi nimechoka," akasema, akafungua mpira.

Kisha Shangazi akawaeleza wanawake. Maji yasianikwe, jua linaipeperusha dawa pamoja na harufu; mtungi ufunikwe, ubani wafukize wakitaka, moshi hauna neno. Mama Basamu alisikiliza mpaka mwisho, dumu lake linafurika miguuni.  Alilibeba likiwa bila kifuniko, akageuka katikati ya njia akarudi kukitafuta.

Zile nyumba kumi na moja Shangazi alizipanda tena wiki ile, na wiki iliyofuata. Siku hizi akirudi, havui viatu kwanza. Anakwenda moja kwa moja mtungini kwetu, anatia kidonge, anatikisa. Bibi humpa mgongo, anajifanya anakuna nazi.

"Vipi?" bibi huuliza bila kugeuka.

"Waridi."

"Ndiyo maana yananuka," bibi husema, akachota kata yake, akaziba pua, akanywa yote.